Arobaini na Saba A

Kutaisi, ghorofa ya chini,
mto Rioni ukinguruma nyuma ya ukuta.
Nazibrola alinipa penseli laini, akaninyang'anya kalamu.
"Wino una meno," alisema.
"Utaendelea kutafuna sisi tukishaoza."

Siku ya kwanza nilitaka kuipanga dunia upya:
kesi za mashamba huku, talaka kule,
magomvi ya kuku na mbwa kwenye sanduku lao.
Akanigonga kidole kwa rula, si kwa nguvu.
Karatasi haipangwi kwa inachokisema,
inapangwa kwa nyumba iliyoizaa.
Za mahakama zilale na za mahakama,
za kiwanda cha hariri na za kiwanda cha hariri,
hata kama zote zinamlilia mtu mmoja.

Nikajifunza kuhesabu kutoka nje kwenda ndani:
fungu, orodha, jalada, karatasi,
kama unayeulizia mwenyeji katika mji wa ugenini:
mtaa gani, kichochoro gani, mlango upi,
na akilala, hulala upande gani wa kitanda.

Kona ya juu, mkono wa kulia, tarakimu ndogo.
Namba ya zamani haifutwi,
hukatwa mstari mmoja tu, ibaki kusomeka,
kama mke wa kwanza anayetajwa kwa adabu.
Picha ina namba.
Bahasha ina namba, kisha kilichomo.
Kipande cha tiketi ya treni kina namba.
Ua lililokaushwa tulilibishania hadi saa ya chai,
likapata namba.

Fungu 316, orodha 2, jalada 89.
Nilihesabu karatasi mia na kumi na mbili,
nikashona, nikaandika cheti cha mwisho,
nikatia sahihi kwa mbwembwe.

Novemba akaja Irodi Chkhetia, fundi wa piano,
koti limelowa, miwani imefungwa kwa uzi.
Alisoma siku tatu. Alilamba kidole, tukamkataza, akalamba.
Siku ya tatu akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.
Karatasi mbili zilikuwa zimegandana,
na ile ya chini nilidhani ni mgongo wa mwenzake.

Stakabadhi.
Vilivyotwaliwa mlangoni: mkanda mmoja,
kisu cha kukunja, kiberiti kisicho na njiti,
ndani yake mayai ya nondo wa hariri.
Chini, sahihi ya babake, herufi ya mwisho imekimbia mstari.

"Hii," akasema, "haina namba."

Damu ilinipanda masikioni.
Nikashika kifutio: arobaini na nane hadi mia na kumi na mbili,
karatasi sitini na tano, niamkie kazi usiku.
Nazibrola akaufunika mkono wangu kwa wake.
"Walioketi hawasimamishwi.
Aliyechelewa husogezewa kigoda."
Akaandika mwenyewe, polepole: 47a.
Kwenye cheti changu akaongeza *na 47a*,
tarehe, jina lake, wala hakunitazama.

Irodi aliuliza kama anaweza kwenda nayo.
Hapana.
Akaomba basi penseli.
Juu ya pakiti ya sigara akanakili
316, 2, 89, 47a,
akaitia mfuko wa ndani, upande wa moyo au wa pochi, sijui.
"Nimetafuta anwani yake," akasema, "miaka sitini na mbili."

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.
Hawakusema lolote juu ya mtengeneza hariri.

Tangu siku hiyo napuliza kila karatasi kabla sijaihesabu,
nahesabu tena kutoka nyuma.
Irodi hurudi kila Novemba.
Hataji jina la mtu. Anataja namba, anavua kofia.
Mbele ya jalada kuna karatasi ya wasomaji,
sahihi yake imejaa humo mara kumi na moja,
na herufi ya mwisho, kila mara, inakimbia mstari.

Karatasi hiyo haina namba bado.